Engaruka Miongoni mwa Wakulima wa Kale wa Dunia

  Wasikilizaji wapenzi, jambo nililokuja nalo jioni hii linawahusu ninyi mnaoshika jembe kwenye miteremko ya Mlima Meru kuliko linavyowahusu wasomi.

Tutazungumza juu ya kilimo cha watu wa kale. Nataka tutazame kwa nini kaumu zilizokaa katika mabara yaliyotengana, ambazo hazikuonana wala kusikiana habari, zililima kwa njia zilizohitilafiana. Na tutazame pia ni katika jambo gani kaumu hizo, pamoja na hitilafu zao zote, zilijikuta zinafanana.

Naanza na swali. Mtoto wa shule akiulizwa ni wapi palipokuwa na ustaarabu wa kale wa wakulima, atajibu nini? Atataja Misri, kando ya mto Nili. Atataja Mesopotamia, baina ya Tigri na Frati. Na akiwa msomaji mzuri ataongeza China. Majibu hayo ni sahihi. Lakini mtoto huyo, akiwa anakaa Monduli au Mto wa Mbu, yuko mwendo wa saa chache tu kutoka mahali ambapo wakulima wa Kiafrika walichimba mifereji, wakajenga kuta za mawe pasipo saruji wala chokaa, na kuligeuza bonde kame likawa mashamba yaliyoenea kiasi cha hekta 2,000. Mahali hapo ni Engaruka. Nami nasikitika kwamba wapo watoto wengi wa mkoa huu wa Arusha wanaomaliza masomo wakilijua jina la mto Frati, ilhali jina la Engaruka hawajalisikia isipokuwa kwa watu wanaokwenda kuutazama mlima wa Ol Doinyo Lengai.

Kabla hatujafika huko, twende kwanza ng'ambo.

Mmisri wa kale aliishi katika nchi ambayo mvua ni adimu mno, lakini mto wake ulijaa kila mwaka tangu mwezi wa Julai hadi Septemba, kwa sababu ya mvua zilizonyesha mbali kabisa na macho yake, katika milima ya Uhabeshi. Hakuwa na haja ya kuyafuata maji. Maji yalimfuata yeye. Kazi yake ilikuwa kuyapokea. Aliigawa ardhi ya bondeni kwa kingo za udongo, akayaruhusu maji yaingie na kutuama muda wa mwezi mmoja au zaidi, hata tope jeusi lililoletwa na mto likazama chini. Kisha akayafungulia yarudi mtoni, naye akapanda ngano na shayiri katika udongo uliolowana na kurutubika kwa neema ya mto wenyewe. Kwa njia hiyo Misri iliweza kulima ardhi ile ile kwa maelfu ya miaka bila ya kuichosha.

Je, mwenzake wa Mesopotamia alikuwa na bahati hiyo? Hakuwa nayo. Mito yake ilijaa wakati wa kuyeyuka kwa theluji ya milimani, yaani wakati shayiri ilipokuwa inakaribia kuvunwa, na mafuriko yakija wakati huo huwa ni adui. Ilimbidi ajenge kingo za kuyazuia maji yasimharibie, tena achimbe mifereji mirefu ya kuyaleta alipoyahitaji. Na juu ya taabu hiyo kulikuwa na balaa ya chumvi: nchi ile ni tambarare, maji hayana pa kukimbilia, jua likiyanyonya chumvi hubaki juu ya udongo. Ndiyo maana wakulima wa kusini mwa nchi ile, kadiri karne zilivyopita, waliiacha ngano kidogo kidogo wakaishika zaidi shayiri, ambayo huvumilia chumvi.

Mnaona, wasikilizaji wangu? Mito miwili mashuhuri, watu wa zama moja, nafaka zile zile. Hata hivyo kilimo kilikuwa mbali mbali, kwa sababu mto mmoja ulijaa kwa wakati wake na mwingine ulijaa nje ya wakati.

Huko China, katika jimbo la Sichuan, mnamo mwaka wa 256 kabla ya Kristo, liwali mmoja aliyeitwa Li Bing alitakiwa kuutuliza mto Min uliokuwa ukiangamiza mashamba. Hakuuziba. Aliugawa mara mbili kwa kutia katikati yake makapu marefu ya mianzi yaliyojazwa mawe, sehemu moja ikaendelea na njia yake ya asili na nyingine ikaelekezwa mashambani. Kazi hiyo iitwayo Dujiangyan ingali ikinywesha mashamba hadi leo. Wazee wanaojua namna banio la mfereji linavyotengenezwa kwa mawe, matawi na magogo ya migomba, ili maji mengine yageuke na mengine yaendelee kwa majirani wa chini, watamfahamu Li Bing upesi kuliko mhandisi aliyezoea kuta za zege.

Sasa tuvuke bahari ya Atlantiki. Katika bara la Amerika, kabla ya kufika kwa Wazungu, hapakuwa na ng'ombe, wala farasi, wala punda. Hebu fikirini maana ya jambo hilo kwa mkulima. Hakuna wa kuvuta plau, hakuna zizi la kutoa samadi ya ng'ombe. Watu wa milima ya Andes, katika nchi iitwayo leo Peru, walikuwa na llama, mnyama wa kubeba mizigo midogo asiyeweza kulima. Basi walilima kwa mti mrefu wenye ncha, unaokanyagwa kwa mguu ukazama ardhini, na miteremko mikali waliikata ngazi ngazi, kila ngazi ikizuiwa na ukuta wa mawe, ikajazwa changarawe chini na udongo mzuri juu, na maji yakashushwa kwa mifereji kutoka ngazi hadi ngazi. Viazi mviringo, hivi tunavyovipakua kwa magunia, huko ndiko vilikotoka. Na huko Mexico, Waazteki waliokaa katikati ya ziwa walizoa tope la chini ya maji, wakalirundika juu ya vitanda vya matete na majani, wakapanda miti ya pembeni ili mizizi yake ishike kingo. Wakapata mashamba membamba yaliyozungukwa na maji pande zote, yakizaa mara kadhaa kwa mwaka.

Narudia neno hili ili likae vizuri: watu hawa hawakuwa na plau. Wapo waliozoea kuupima ustaarabu wa kaumu kwa plau, wakisema kwamba asiyeijua plau yuko nyuma. Lakini plau ingemsaidia nini mtu anayelima ngazi yenye upana wa hatua chache kwenye ubavu wa mlima, au shamba jembamba lililojengwa ziwani? Kipimo hicho, kwa maoni yangu, kimewadhulumu watu wengi, na wa kwanza kudhulumiwa ni sisi wa Afrika ya Mashariki, ambako jembe la mkono na mti wa kuchimbia ndivyo vilivyofanya kazi yote mpaka karne ya 20.

Sasa tuje Engaruka.

Ukitoka Arusha kwa njia ya Makuyuni, ukafika Mto wa Mbu na kushika barabara ya kaskazini iendayo Ziwa Natron, mkono wako wa kushoto unaongozana na ukuta mrefu wa Bonde la Ufa. Nchi ya chini ni kavu, vumbi lake ni la majivu ya volkano, na mvua yake kwa kawaida haitoshi kuivisha nafaka. Lakini juu ya ukuta ule, katika nyanda za juu za Ngorongoro, kuna misitu na mawingu. Na kutoka huko hushuka vijito, kimojawapo kikiwa ni mto Engaruka, usiokauka hadi sasa. Mahali vijito vinapotoka mlimani na kuingia bondeni, ndipo watu wa Engaruka walipojenga.

Walijenga nini? Kwenye miteremko iliyo chini ya ukuta walitandaza vikuta vya mawe vilivyoshikilia sakafu tambarare, juu yake wakasimamisha nyumba zao. Na vijiji vya namna hiyo vimehesabika saba. Chini ya vijiji palianza mashamba. Mifereji iliyotandikwa mawe ilichukua maji kutoka vijitoni, ikayapeleka kwa mteremko mdogo uliopimwa kwa jicho na uzoefu, ikajigawa kuwa mitaro midogo, nayo ikaingia katika vipande vya shamba vilivyogawanywa kwa mistari ya mawe. Mawe yaliyozidi yalikusanywa kuwa marundo, ili ardhi ipate nafasi. Nafaka iliyopatikana kwa wachimbaji, iliyoungua ikahifadhika, ni mtama. Na mifupa na mazizi ya mawe yanaonyesha kuwa walifuga ng'ombe, mbuzi na kondoo, karibu na nyumba. Wataalamu wengine hukisia kwamba mifugo ile ilikatiwa majani ikalishwa zizini, na samadi yake ikatunzwa kwa ajili ya mashamba.

Lakini liko jambo moja ambalo mimi binafsi hulistaajabia kuliko yote. Watafiti waliochimba katika mashamba yale miaka ya karibuni wamegundua kwamba sehemu nyingine za udongo hazikuwako hapo tangu asili. Watu wa Engaruka waliyaongoza maji yenye tope yaingie katika vipande vilivyozungushiwa mawe, wakayapunguza mwendo, tope likatua. Wakainua kuta, wakaingiza maji tena. Na hivyo, msimu baada ya msimu, wakajitengenezea udongo wa kulima mahali palipokuwa na changarawe. Mnakumbuka nilivyosema juu ya Mmisri, kwamba mto wake ulimletea tope yeye akiwa amekaa kulingoja? Mtu wa Engaruka hakuwa na mto wa namna hiyo. Alikuwa na kijito tu, akakitumia kwa werevu na subira hata kikamfanyia, kwa kadiri ndogo, kazi ambayo Nili uliifanya kwa ukubwa wake.

Haya yote yalikuwa lini? Ni kati ya karne ya 15 na ya 18, kwa makadirio ya wataalamu, pengine na kitambo kabla ya hapo. Mtu aweza kusema: hiyo si kale sana, Misri ni ya zamani zaidi kwa maelfu ya miaka. Ni kweli. Lakini sikilizeni: karne ya 15 ndiyo karne ya Wainka wa Peru na Waazteki wa Mexico! Mji wa Waazteki uliasisiwa mwaka wa 1325 na ukatekwa na Wahispania mwaka wa 1521. Kwa hiyo, katika zama zile zile ambazo mkulima wa Andes alikuwa akipanga mawe ya ngazi zake, na mkulima wa Mexico akizoa tope la ziwani, mkulima wa Engaruka naye alikuwa ameinama juu ya mfereji wake. Watatu hawa hawakujuana. Hakuna msafiri aliyetoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Na kila mmoja alipata jawabu lake kwa kuitazama ardhi yake, si kwa kufundishwa na mgeni.

Nalitia mkazo hilo kwa sababu palikuwa na wakati lilipokanushwa. Msafiri wa Kijerumani Gustav Fischer alipita huko mwaka wa 1883 na kuyaona magofu. Mwanaakiolojia Louis Leakey alikwenda mwaka wa 1935, akakadiria kuwa walikaa hapo watu wapatao elfu thelathini au zaidi, hesabu ambayo waliomfuata wameipunguza sana, wakisema elfu chache. Baadaye Hamo Sassoon alifanya uchimbaji katika miaka ya 1964 na 1966, na John Sutton akaandika juu ya Engaruka kwa miaka mingi. Ila katika zama za ukoloni walikuwako waandishi waliokuwa wakiona kazi kubwa ya mawe au ya maji katika Afrika ya Mashariki, mara moja hubuni kaumu fulani ya wageni kutoka kaskazini, waliokuja, wakajenga, wakatoweka, kana kwamba wenyeji hawakuwa na akili ya kupanga jiwe juu ya jiwe. Uchimbaji haukuwaona wageni hao. Umewaona wakulima na wafugaji wa nchi hii, kwa vyungu vyao na mtama wao.

Na kama mtu ana shaka bado, asiangalie magofu peke yake. Awaangalie walio hai. Magharibi ya Ziwa Natron, humu humu katika mkoa wetu wa Arusha, wanakaa Wabatemi, ambao wengine huwaita Wasonjo, katika vijiji kama Samunge na Digodigo, na mpaka leo hulima kwa mifereji. Huko Mbulu wako Wairaqw, mabingwa wa kuhifadhi udongo wa milimani na kufuga ng'ombe ndani. Wataalamu kadhaa wamezihusisha kaumu hizi mbili na watu wa Engaruka. Kilimanjaro kuna mifongo, yaani mifereji, ya Wachaga. Kuvuka mpaka, katika bonde la Kerio, kuna mifereji ya Wamarakwet iliyoning'inizwa kwenye majabali. Na hapa kwenye Meru yetu, Wameru, na baada yao Waarusha waliopanda kutoka tambarare katika karne ya 19, walivuta maji ya mito ya Nduruma, Themi na Usa kwa mifereji iliyopita katikati ya migomba.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo nilisema mwanzo kwamba wote walifanana ndani yake. Si plau, si nafaka, si mawe. Ni sheria ya maji.

Mfereji mtu mmoja hawezi kuuchimba, na hata akiweza, hawezi kuulinda. Aliye juu anaweza kumnyima aliye chini. Aliye mvivu wa kuziba ukingo wake anaweza kuigharikisha jamii nzima. Kwa hiyo popote palipo na mfereji, ama pana makubaliano au pana vita. Hammurabi, mfalme wa Babeli, takriban miaka 3,700 iliyopita, aliandika katika sheria zake kwamba mtu akizembea kuimarisha ukingo wake, maji yakabomoa na kuyaharibu mashamba ya wenzake, atawalipa nafaka iliyopotea. Na asipokuwa na cha kulipa, atauzwa yeye na mali yake. Kule Omani, ambako wengi wa ndugu zetu wa pwani wana nasaba, maji ya falaji, yaani mifereji yao, hugawanywa kwa muda, mchana kwa kivuli cha jua na usiku kwa nyota, kila mwenye haki akijua saa yake. Na kwa Wabatemi, maji yalikuwa chini ya baraza la wazee waitwao wenamiji, ambao haki yao ilirithiwa, nao ndio waliopanga zamu, waliotoza ada na waliowaadhibu wezi wa maji.

Je, wazee wangu wa Meru, mambo haya si mnayajua? Nani asiyekumbuka siku ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja, ya mfereji, ambayo asiyetokea na jembe lake hutozwa faini? Nani asiyejua kuwa zamu ya maji ya usiku huheshimiwa sawa na ya mchana? Hammurabi aliiandika juu ya jiwe. Ninyi mliiweka katika baraza la wazee. Lakini hoja ni moja, na mwenye kufungua maji ya mwenziwe gizani alikuwa mhalifu kule na ni mhalifu hapa. Ndiyo maana nasema Engaruka nayo, ijapokuwa haikutuachia hata herufi moja, lazima ilikuwa na sheria. Mifereji ya eneo kubwa kama lile, inayolisha mashamba ya vijiji saba, haiwezi kwenda hata msimu mmoja pasipo watu kukaa chini na kukubaliana. Hapo ndipo mimi ninapouona ustaarabu wao, kuliko hata katika kuta.

Na jambo jingine dogo, kwa ninyi wenye vihamba, yaani mashamba ya migomba ya nyumbani. Tazameni shamba la Mmeru lilivyo leo. Migomba asili yake ni Asia ya kusini mashariki. Mahindi na maharage asili yake ni Amerika, na watu wa Mexico waliyapanda pamoja katika shamba moja, kama ninyi mnavyoyapanda pamoja na kuyapika pamoja yakawa makande. Ulezi ni wa Afrika yenyewe, wa nyanda za juu za Uhabeshi na Uganda, na huo ndio uliokuwa nafaka ya heshima milimani kabla ya mahindi. Basi mabara yale yaliyolima bila ya kujuana karne nyingi yamekutana katika eka moja ya Akheri, hapa Meru, chini yake pakipita maji ya mfereji.

Lakini kwa nini Engaruka iliachwa? Wengine husema vijito vilipungua mpaka ukabaki mto mmoja tu wa kutegemewa. Wengine husema udongo ulichoka. Wengine hutaja kufika kwa Wamaasai na ng'ombe wao. Mimi naona sababu hizo hazipingani, kwani maji yakipungua, zamu huwa fupi, na zamu zikiwa fupi, hata makubaliano ya wazee hulegea, na jirani mwenye nguvu akitokea wakati huo hukuta jamii imekwisha kudhoofika. Na hofu yangu kwa Meru iko hapo hapo. Mji wa Arusha umekua na unazinywa chemchemi za mlima. Mashamba makubwa ya Usa River nayo yanahitaji maji. Vibali vya maji sasa vinatolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ambayo ina wajibu wake wa kisheria. Sisemi tuirudishe sheria ya mababu nzima nzima. Nasema kwamba kila panapogawanywa maji ya Nduruma au ya Themi, wazee wa mfereji wasiachwe nje ya mlango, kwa kuwa ni wao wanaojua aliye chini kabisa anapata nini mwezi wa Februari.

Ombi langu la mwisho ni kwa walimu. Mnapowachukua wanafunzi kwenda kreta ya Ngorongoro, mnapita Mto wa Mbu. Safari moja, badala ya kuupanda ukuta, fuateni ile barabara ya kaskazini hadi Engaruka, mmwombe kijana wa pale awaongoze, muwaonyeshe watoto mfereji ulipoanzia na mashamba yalipoishia, na muwaambie wasiondoe jiwe hata moja, maana zipo kuta ambazo zimekwisha kubomolewa kwa ajili ya ujenzi wa siku hizi, na jiwe likishaondolewa mahali pake mchimbaji wa kesho hana cha kusoma. Wakulima wa Engaruka ya leo mtawakuta mashambani mwao, wakitumia maji ya mto ule ule. Waulizeni zamu zao zinakwendaje.

Juma lijalo, panapo majaliwa, tutakwenda Upare, tuzungumze juu ya ndiva, yale mabwawa ya wazee wa milimani yanayokusanya maji ya usiku.